Chakula kimejaa, lakini asubuhi ya barafu ndege wawili wamekufa chini ya ua. Wanauawa na nini?

#1 Mwanamuyu (Leicester, Uingereza)
Wakuu, salaam. Huku ni usiku wa tatu mfululizo kipimajoto kinashuka hadi digrii 7 chini ya sifuri. Leo asubuhi wameokotwa ndege wawili chini ya ua wa michongoma, wamekauka. Mmoja ni yule mdogo mwenye kofia ya buluu na kifua cha njano, mwingine ni chiriku wa kijani. Bomba la mbegu linaning'inia mita nne kutoka hapo na limejaa robo tatu. Pembeni kuna trei bapa ya mbao, nayo ina mbegu. Matonge mawili ya shahamu yapo ndani ya wavu wake wa plastiki kama yalivyotoka dukani. Sahani ya maji imeganda mpaka chini. Mlango wa kioo uko mita tatu kutoka kwenye bomba.

Kama chakula kipo na hakijaisha, kinachowaua ni nini? Baridi yenyewe, au kuna kosa kwenye mpangilio?

#2 Fundi Seremala
Njaa. Bomba lililojaa halina maana kwamba tumbo limejaa. Vaa glavu, mgeuze huyo mdogo chali, pitisha kidole juu ya kidari. Ndege mwenye afya ana nyama pande zote mbili, kidari kinakuwa cha mviringo. Aliyekufa kwa njaa mfupa wa katikati unasimama kama makali ya kisu.

#3 Bin Kombo
Kabla ya njaa tuanze na kioo. Mita tatu ni umbali mbaya: ndege akishtuka kwenye bomba anapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugonga. Ama usogeze bomba liwe chini ya mita moja kutoka kwenye kioo, ili akigonga awe bado hana mwendo, ama ulipeleke zaidi ya mita kumi. Aliyegonga si lazima aanguke palepale. Anaweza kujikokota mpaka uani akafia huko, damu imevuja kichwani. Kitazame kioo kwa pembeni wakati mwanga umelala, utaona vumbi la manyoya, pengine mabawa mawili yamejichora kabisa.

#4 Mwanamuyu
Shukrani nyote. Kioo hakina alama yoyote. Huyo mdogo kidari ni makali ya kisu kama alivyosema Fundi, na mizani ya jikoni imesoma gramu 8. Chiriku amekonda kidogo tu, lakini manyoya ya kuzunguka mdomo yamelowa na vipande vya mbegu vimegandia hapo. Jana mchana chiriku wa aina hiyo alikuwa ametulia kwenye trei, amejitutumua kama mpira, mtu akipita haruki.

#5 Bwana Mifugo
Basi hivyo ni vifo viwili tofauti, usivifunge kwa kamba moja.

Wa gramu 8 ni njaa. Ndege huyo kwa kawaida ana gramu 10 hadi 12, kwa hiyo ameshachoma mafuta yote na ameanza kula misuli yake mwenyewe.

Chiriku ana dalili za Trichomonas gallinae, kijidudu cha seli moja kinachokaa kooni. Wafuga njiwa wanakijua tangu zamani. Uingereza kilianza kuonekana kwa chiriku mwaka 2005, mwaka uliofuata kikawafyeka, na mwaka 2021 chiriku wa kijani akaingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini humo. Koo linavimba, mbegu haipiti, anaitema ikiwa na mate, mwenzake anaiokota na kuimeza. Ndiyo maana trei bapa ni hatari kuliko bomba: mate, mbegu iliyotemwa na kinyesi vinakaa pamoja. Mwanzoni mwa 2025 RSPB, shirika la kulinda ndege la Uingereza, ilisimamisha kuuza vyombo bapa kwa sababu hiyo.

Cha kufanya leo: trei ondoa kabisa. Mbegu zote zilizobaki zifungwe kwenye mfuko, zitupwe. Sahani ya maji mwaga. Acha kulisha wiki mbili ili kundi litawanyike. Vyombo vioshwe kwanza kwa sabuni na brashi mpaka uchafu utoke, kisha ndipo jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, viloweke dakika 10, suuza mpaka harufu iishe, halafu vikauke kabisa. Msirukie jiki moja kwa moja, inaishia kupambana na uchafu na haifiki kwenye kijidudu. Na kukauka ni nusu ya dawa, kwa sababu Trichomonas haivumilii ukavu.

#6 Mama Shomoro (Reading)
Bwana Mifugo, nakuheshimu lakini hapa umekimbia. Trichomonas hupamba moto mwisho wa kiangazi na vuli. Januari yenye barafu, chiriku aliyejitutumua na asiyeruka, mimi ninashuku bakteria wa Salmonella kwanza. Msimu wake ndio huu, Desemba mpaka Machi, ndege wanapobanana kwenye chombo kimoja, na inapita kwa kinyesi. Tofauti ni kubwa kwa wenye nyumba: Trichomonas ya ndege haituambukizi, Salmonella inatuambukiza sisi na paka. Marekani mwaka 2021 CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza watu kuugua Salmonella iliyotokana na ndege wa bustani.

#7 Bwana Mifugo
Msimu ni kweli, ila Trichomonas huonekana mwaka mzima. Manyoya ya mdomo kulowa mate kunanivuta upande wangu. Kwa macho hatuwezi kuamua, wote wawili hujitutumua na kuzubaa. Kinachoamua ni kupasua na kupima maabara. Uingereza kuna mradi wa Garden Wildlife Health, wa Zoological Society of London pamoja na BTO (wa utafiti wa ndege), RSPB na Froglife (wa vyura na reptilia). Unaandika taarifa kwao, na wakati mwingine wanaomba mzoga. Uwe mbichi: uweke kwenye mifuko miwili mahali pa baridi, usiugandishe kabla hawajakujibu.

Kwa mkono: geuza mfuko wa plastiki ndani nje uufanye glavu, mshike ndege, urudishe mfuko juu yake, funga, nawa kwa sabuni. Brashi na ndoo za kazi hiyo zisirudi jikoni.

#8 Kaskazini Kabisa (Minneapolis)
Bwana Mifugo aliandika: *"Acha kulisha wiki mbili"*

Katikati ya jalidi la digrii 7 chini ya sifuri? Utamponya chiriku na kumuua huyu wa kofia ya buluu. Tupige hesabu. Leicester katikati ya Januari jua linatoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, linazama saa kumi na dakika ishirini jioni. Hiyo ni saa nane za kutafuta mafuta ya kuchoma kwa saa kumi na sita za giza. Usiku mmoja wa baridi ndege huyo anapoteza hadi asilimia 5 ya uzito wake, mara nyingine zaidi. Akiamka tanki limekauka na chakula alichokizoea hakipo, asubuhi nzima inaishia kwenye kutafuta.

Huku Marekani tuna ndugu yake, kofia nyeusi, gramu 10 hadi 14 tu, na anaishi kwenye digrii 30 chini ya sifuri. Anaweza kwa sababu usiku anashusha joto la mwili kwa digrii 10 hivi kutoka kwenye 42 zake za mchana, na vuli nzima amekuwa akificha mbegu moja moja kwenye magome. Yule wa Uingereza hafichi akiba kama huyu. Ukimfungia duka ghafla hana ghala.

#9 Mama Shomoro
Hapo ndipo pagumu kweli. Ninachofanya ni hivi: mbegu zote zinaondoka, maana chiriku wanafuata mbegu, na trei haiwekwi. Shahamu inabaki, vipande vidogo vilivyotawanywa pembe tatu nne za bustani, kila kipande mahali pake. Chiriku wa kijani hang'ang'anii shahamu kama hawa wadogo. Hatari inapungua, haiishi.

#10 Bwana Mifugo
Ikipungua bado ipo. Shomoro naye anakula shahamu, na anaugua Salmonella vilevile. Mimi nabaki na wiki mbili.

#11 Nyota ya Jaha
Samahani kuingilia, hawa "kofia ya buluu" na "kofia nyeusi" hawana jina la Kiswahili? Si wote ni chiriku tu?

#12 Mkulima Mstaafu
Si chiriku, Nyota. Chiriku ana mdomo mnene wa kubangua, anakaa kwenye chombo anasaga mbegu palepale. Hawa wana mdomo mfupi mwembamba, wanachukua mbegu moja, wanaruka kwenye tawi, wanaibana kwa miguu na kuigonga mpaka ipasuke. Ni familia nyingine kabisa, Paridae. Kwa uzi huu tukubaliane: Cyanistes caeruleus ni kofia-buluu, ndugu yake mkubwa Parus major mwenye mstari mweusi katikati ya kifua ni tai-nyeusi, yule wa Marekani ni kofia-nyeusi. Yule wa kifua cha rangi ya chungwa anayefuata jembe ni kifua-chungwa, na kale kadogo ka kahawia kenye mkia uliosimama ni mkia-juu. Kwenzi na shomoro tunao tayari.

#13 Nyota ya Jaha
Tai-nyeusi kama anakwenda harusini. Nimekubali.

#14 Fundi Seremala
Turudi kwenye bomba. Mwanamuyu, lifungue chini, ingiza kijiko cha mpini mrefu. Nadhani utakuta mbegu za chini zimeshikana kama ugali uliolala. Maji yanaingia kwenye vitundu, mbegu zinafura, zinaota ukungu, kisha barafu inazigandisha. Kwa juu bomba linaonekana limejaa kumbe ndege anadonoa zege. Halafu tuambie mfuko wa mbegu umeandikwa nini.

#15 Mwanamuyu
Fundi, umejuaje. Sentimita tatu za chini ni bonge moja jeusi lenye harufu ya pombe. Mfuko unasema: ngano, mtama mwekundu, dengu zilizopasuliwa, mahindi yaliyovunjwa, alizeti. Alizeti ndio ya mwisho.

#16 Fundi Seremala
Basi umepata sababu moja. Dengu kavu na ngano ni chakula cha njiwa. Kofia-buluu anaitupa ngano chini akitafuta alizeti, njiwa wanakuja, baada yao panya. Katika kilo ya mchanganyiko wa namna hiyo chakula chake ni konzi moja.

Nunua alizeti nyeusi yenye ganda jembamba, au iliyobanguliwa. Iliyobanguliwa ni ghali, lakini haina maganda chini na ndege hatumii dakika kumenya. Ubaya wake inaoza haraka ikilowa, kwa hiyo tia kinachoisha kwa siku moja hadi mbili tu, kiganja kimoja au viwili kwa bomba la kawaida. Toboa vitundu vya milimita 3 kwenye kitako cha bomba maji yatoke. Uwe na mabomba mawili: moja nje, jingine limeoshwa linakauka ndani, maana huku nje Januari hakuna kinachokauka.

Wavu wa matonge uukate leo. Ukucha unanasa, ndege anazungukazunguka akijaribu kujinasua mpaka mguu unavunjika. Tonge liwekwe kwenye kikapu cha waya.

#17 Binti Mkwakwani (Vancouver)
Kwa shahamu, kifuu cha nazi ni bora kuliko vikapu vyote. Gramu 200 za shahamu ya figo ya ng'ombe, omba buchani. Kata vipande vidogo, yeyusha kwa moto mdogo kabisa mpaka iwe angavu, chuja vikaango. Epua. Tia gramu 400 za vitu vikavu: alizeti iliyobanguliwa 200, karanga zilizovunjwa 100, oti mbichi 100. Koroga kila baada ya dakika chache. Ikifikia uzito wa uji mzito ndipo unajaza kifuu. Ukijaza ingali maji, mbegu zote zinazama na unapata mafuta matupu juu. Kabla ya kujaza toboa jicho la nazi, pitisha kamba, funga fundo kubwa kwa ndani. Inapata vifuu vitatu au vinne. Vilale frijini usiku mmoja.

Kitundike mdomo ukiangalia chini. Kofia-buluu na kofia-nyeusi wananing'inia kichwa chini bila shida, kwenzi anasumbuka, na mvua haiingii.

Msitumie mafuta yaliyodondoka kwenye nyama ya kuoka. Yana chumvi na supu, yanakaa laini hata kwenye baridi, yanapaka manyoya, na manyoya yenye mafuta hayazuii baridi wala maji. Majarini hali kadhalika.

#18 Chumvini (Dar)
Na nazi yenyewe? Machicha si yanatupwa tu huko?

#19 Binti Mkwakwani
Machicha hapana, kaka. Mafuta yameondoka na tui, kilichobaki ni nyuzi, na yakikauka ni sawa na nazi kavu ya pakiti, ambayo ikikutana na maji tumboni mwa ndege inafura. Nazi mbichi iliyopasuliwa katikati, nyama yake ikiwa bado imeshika kifuu, inafaa. Suuza maji yake matamu kwanza, yanaota ukungu. Ikianza weusi, toa.

#20 Nyota ya Jaha
Hata mchele mkavu nimesikia unapasua tumbo la ndege.

#21 Mkulima Mstaafu
Huo ni uvumi, Nyota. Kware na ndege wa mashambani wanakula mpunga mbichi mashamba mazima na hawapasuki. Wali uliopikwa bila chumvi wala mafuta unafaa wakati wa baridi, mweupe au wa kahawia, ila utoe kabla ya jioni. Mkate haumuui, lakini unajaza tumbo bila mafuta, na kwa ndege mwenye saa nane hiyo ni hasara. Maziwa usimpe, hawezi kuyameng'enya. Uji wa oti uliopikwa unanata na kukaukia mdomoni. Oti mbichi ni sawa. Ugali mbichi uuweke kundi moja na uji. Vya chumvi vyote hapana.

#22 Bwana Mifugo
Na karanga. Mtu akiletewa mfuko wa karanga kutoka nyumbani asiseme "hizi zimevunda kidogo, nitawapa ndege". Sumukuvu inaua ndege kwa dozi ndogo, na kuosha au kukaanga hakuiondoi. Karanga ziwe za kuliwa na mtu, mbichi, bila chumvi. Ziwekwe kwenye wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 hivi: makubwa zaidi yanatoa karanga nzima ikamkaba kinda wakati wa masika, madogo zaidi yanaumiza midomo.

#23 Bin Kombo
Mmesahau sahani iliyoganda. Mbegu kavu na shahamu bila maji ni shida juu ya shida. Ndege anaweza kula theluji, lakini kila tone lazima aliyeyushe kwa joto la mwili wake, yaani mafuta yaleyale tunayohangaika kumpa. Asubuhi na saa sita mimina maji ya vuguvugu, kina cha sentimita 2 hadi 5. Sahani ya mpira au ya plastiki nyeusi ni bora: inapokea jua, na barafu inatoka kwa kuigeuza na kuibonyeza mgongo. Ya udongo inapasuka. Mpira mdogo unaoelea unachelewesha kuganda kwenye baridi nyepesi, kwenye digrii 7 chini ya sifuri hausaidii.

Mtu asitie kulanti ya gari, ni sumu. Wala chumvi. Wala gliserini: inalowanisha manyoya yasikauke.

#24 Kaskazini Kabisa
Huku sahani za umeme ndizo zinazotumika, zenye kidhibiti joto kinachoweka maji juu kidogo ya kuganda. Ila zikiwa wazi kwenye baridi kubwa kwenzi wanaoga, wanatoka wamelowa. Panga mawe mpaka wabaki na nafasi ya kutumbukiza mdomo tu.

#25 Mama Shomoro
Mawe ya nini? Ndege anaoga ili manyoya yajipange. Manyoya machafu hayashiki hewa, na ile hewa ndiyo blanketi. Huku wanaoga kwenye barafu na wanakaukia kichakani.

#26 Kaskazini Kabisa
Kwenye digrii 7 nakubaliana nawe. Kwenye 25 maji yanaganda juu ya unyoya kabla hajafika kichakani. Baridi zetu si moja, Mama.

#27 Chumvini (Dar)
Nyie endeleeni na jiki na mizani. Sisi mbayuwayu wenu tunawatunza miezi sita, hawatudai hata punje.

#28 Mkulima Mstaafu
Chumvini, wa Uingereza wanawapita juu kwa juu, wengi wanaishia Afrika Kusini. Mnaowaona pwani kwa sehemu kubwa wanatoka mashariki zaidi, huko Urusi. Na hawadai punje kwa sababu wanakula wadudu wa hewani tu. Ndiyo sababu yenyewe ya kuhama: wadudu wakiisha, bomba la alizeti halimsaidii mbayuwayu hata kidogo.

#29 Binti Mkwakwani
Ila wapo waliobadili safari kwa sababu ya vyombo vyetu. Sylvia atricapilla, kijivu mwenye kofia nyeusi kwa dume na ya kahawia kwa jike, wa Ujerumani. Zamani akienda Hispania na Afrika Kaskazini, sasa sehemu yao inakuja Uingereza kula shahamu. Mtafiti Peter Berthold na wenzake walionyesha kwamba mwelekeo huo unarithiwa.

Na huku Vancouver tuna chozi anayebaki majira yote ya baridi. Sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, bila asali, bila rangi nyekundu. Chombo kinaingizwa ndani usiku, kinarudi nje kabla ya alfajiri maana anakula kabla ya wote.

#30 Mkulima Mstaafu
Binti, huyo si chozi. Chozi ni wa kwetu na Asia, anakaa kwenye ua na kunyonya. Wako ni mvumaji, Calypte anna, anaelea hewani akinyonya, na wavumaji wapo Amerika tu. Wanafanana kazi, si ukoo. Maelekezo ya sukari yako sawa.

#31 Nyota ya Jaha
Swali la mtu asiyejua: tukiwazoesha chakula, si watasahau kujitafutia?

#32 Kaskazini Kabisa
Lilipimwa Wisconsin, Marekani. Watafiti Brittingham na Temple waliwafuatilia kofia-nyeusi. Penye chakula cha watu asilimia 69 walivuka majira ya baridi, pasipo na chakula 37. Tofauti ilijionyesha hasa kwenye miezi ya baridi kali. Na hata wanaolishwa, sehemu kubwa ya chakula bado waliitoa porini. Baadaye wakaondoa vyombo mahali walipozoea kulishwa, na ndege wakaishi sawa na wale ambao hawakulishwa kamwe.

#33 Bwana Mifugo
Mkuu, hapo umenisaidia mimi: kama waliishi sawa baada ya kuondolewa chombo, basi wiki mbili zangu haziwaui.

#34 Kaskazini Kabisa
Hao ni wenye akiba kwenye magome, na msitu umewazunguka. Bustani ya Leicester ina ua mmoja na saruji.

#35 Mama Shomoro
Tena kuna utafiti wa Cornwall, Uingereza, uliochapishwa 2013. Kofia-buluu waliopewa shahamu wakati wa baridi walifanikiwa kulea makinda machache masika yaliyofuata. Maelezo ni mawili: shahamu tupu ni lishe pungufu, au shahamu iliwavusha dhaifu ambao wangekufa, nao wakawa wazazi dhaifu. Ireland Kaskazini mwaka 2008 ilikuwa kinyume: karanga za wakati wa baridi ziliwafanya watage mapema kidogo na kufikisha takriban kinda mmoja zaidi. Ndege yuleyule.

#36 Mkulima Mstaafu
Na wapo wanaosema tunamnenepesha kofia-buluu na tai-nyeusi, kisha wanakwenda kumpokonya tundu ndugu yao mnyonge wa msituni. Wengine wanasema mnyonge anapungua kwa sababu msitu wenyewe umebadilika. Mimi naona kilichomuua wa gramu 8 kinaweza kuwa si chakula hata kidogo, ni malazi. Mwanamuyu, huo ua umekatwa lini? Na kuna mmea mtambazi wa kijani ukutani?

#37 Mwanamuyu
Ua ulipunguzwa Oktoba, uko kiunoni sasa. Mtambazi uliondolewa wakati huohuo.

#38 Mkulima Mstaafu
Basi mwaka huu walilala upepo ukiwapiga. Ule mtambazi majani yake hayapukutiki, ni paa, na matunda yake yanaiva mwisho wa majira ya baridi wakati matunda mengine yamekwisha. Ungeukata baada ya ndege kuyamaliza. Majani makavu chini ya ua pia usiyafagie, kifua-chungwa na mkia-juu wanafukua wadudu humo. Mkia-juu hagusi mbegu zako.

#39 Fundi Seremala
Kwa malazi ya haraka tundika sanduku sasa hivi, usingoje masika. Norfolk, Uingereza, mwaka 1969 walihesabiwa mkia-juu 61 ndani ya sanduku moja. Mbao zisipungue milimita 15, zisirandwe kwa ndani ili wapate pa kushika. Tundu: milimita 25 kofia-buluu, 28 tai-nyeusi, 32 shomoro, 45 kwenzi. Usiweke kijiti cha kusimamia mbele, kinamfaa paka na adui wengine tu. Mita 2 hadi 4 juu, likitazama kati ya kaskazini na mashariki, limeinama mbele kidogo mvua isiingie. Kiota cha zamani kitolewe, ndani pamwagiwe maji yanayochemka kuua viroboto, likauke. Dawa ya wadudu hapana.

#40 Bin Kombo
Na paka wa jirani? Bomba liwe mita 2 hivi kutoka kwenye kichaka: karibu ya kutosha ndege akimbilie kipanga akija, mbali ya kutosha paka asiruke kutoka mafichoni.

#41 Mwanamuyu
Taarifa. Trei imechomwa. Bomba limeoshwa kama #5, limetobolewa kitako, limehamishiwa mita kumi na mbili kutoka kwenye kioo. Mbegu zimesimama kwa sasa. Shahamu vipande vinne, pembe nne, kwa njia ya Mama Shomoro. Nimewaandikia wale wa mradi, mizoga iko kwenye mifuko kibandani. Leo kuna chiriku mwingine amejitutumua juu ya ua.

Swali moja tu: shahamu nitoe saa ngapi, na usiku niiache?

#42 Mama Shomoro
Iwe nje kabla ya mwanga, saa moja na nusu asubuhi, wakiamka waikute. Saa nane na nusu mchana ongeza, ndio mlo wa kujazia tanki. Giza likiingia, kilichodondoka chini kiokote kwa ajili ya panya. Kilichotundikwa kiache.

#43 Bwana Mifugo
Huyo chiriku wa tatu uangalie kama anameza. Akidonoa na kutema, ni koo. Akila vizuri huku amezubaa, Mama Shomoro ana hoja. Na hivyo vipande vinne uvitoe mpaka ujue.

#44 Kaskazini Kabisa
Usivitoe. Utabiri wa Leicester usiku huu ni digrii 9 chini ya sifuri.